Naendesha Siku ya Tatu

Melini, Bahari ya Karibi
9 Februari 2025

Dada yangu Nyanjige,

Mwangaluka. Mimi nipo, nakula, nalala, nafanya kazi. Wewe hujambo? Baba anaendeleaje na yale magoti? Shemeji Luhaga hajambo huko Maswa, bado anakuja kukuona mwisho wa wiki? Na mvua je, mmepata, au zimewapita zikaenda kunyesha Meatu kama mwaka jana? Huku mvua inanyesha juu ya maji, haimsaidii mtu.

Najua utacheka kwamba siku hizi nani anaandika barua. Lakini wewe mwenyewe uliniambia baba hataki sauti yangu isikike ndani ya nyumba yake, hata ikitokea kwenye simu. Karatasi hakuitaja. Kwa hiyo naandika kwa kalamu, napiga picha, namtumia Kasmiri pale stesheneri yake Nyashimo aiprinti. Msomee baba.

Baba, shikamoo. Kazi yangu ni vyumba. Nina vyumba kumi na sita, navisafisha asubuhi na jioni. Meli ina abiria elfu tatu, ukitembea kutoka mwanzo hadi mwisho wake ni kama kutoka nyumbani hadi kwenye josho. Wazee ni wengi kuliko vijana. Wananiita Mali, kwa sababu jina langu lote linawashinda. Sijagombana na mtu. Hayo ndiyo ya kwangu.

Nyanjige, kuanzia hapa usimsomee.

Kuna ugonjwa wa tumbo humu melini. Wanasema ni virusi. Mtu amekaa mezani anakula vizuri, baada ya dakika kumi anatapika palepale, na saa hiyohiyo tumbo la chini nalo linafunguka. Wiki iliyopita walikuwa wanane, leo wamefika sitini. Wameondoa utaratibu wa watu kujipakulia chakula, anapakua mhudumu mwenye glavu. Kapteni anasalimia wageni kwa kiwiko. Ile dawa ya kupaka viganjani inayonuka spiriti hawa wadudu wanaicheka tu, wanaondoka kwa sabuni na maji yanayotiririka, na sakafuni kwa jiki. Sisi wa vyumba ndio tunaoingia kwanza. Nanawa mpaka ngozi ya vidole imepasuka. Tumbo likinguruma kwa njaa tu, nasimama koridoni najisikiliza.

Marcelo, Mfilipino tunayelala naye kabini moja, ananicheka. Anasema hiki siyo kipindupindu, ni siku mbili tatu kimeisha, hakiui mtu mwenye nguvu. Namwambia najua. Simwambii ninajuaje.

Dada, naogopa. Sijui kama ninayo haki ya kukuambia wewe neno hilo, ila sina mwingine wa kumwambia.

Mdogo wako,
Malimi


Kiloleli, Busega
3 Machi 2025

Malimi,

Mwadila, maana naandika jua limeshageuka. Baba hajambo kwa kiasi, magoti ni yaleyale. Mvua tumepata. Choroko zimeota vizuri, pamba nayo inapendeza kama mdudu hatawahi. Ng'ombe yule mwekundu amezaa jike. Mama Joyness jirani anakusalimu, anauliza kama kweli huko mnakula nyama kila siku.

Barua yako imekaa kwa Kasmiri wiki mbili. Mara wino umeisha, mara umeme hakuna. Nilipoifuata akanipa huku anatabasamu, akasema vyumba kumi na sita si mchezo. Kwa hiyo ujue kwamba anasoma. Mwanaume mzima hana haya hata kidogo.

Nilimsomea baba mpaka pale uliposema niishie. Alikuwa anachonga mpini wa jembe. Nilipomaliza akauliza kama ndama amenyonya. Nikasema amenyonya. Hakuuliza kingine, ila hakuondoka, na hakuniambia niache kusoma. Kwake hilo ni jambo kubwa.

Sasa hilo lingine. Unaogopa tumbo.

Sina ubaya na wewe, Malimi, lakini nilipofika kwenye neno hilo niliikunja karatasi nikaenda kuchota maji, kwa sababu ningeichana. Nakumbuka ukiogopa. Yale mahema ya kipindupindu yalizungushiwa wavu wa plastiki wa rangi ya machungwa, na wewe ulikuwa upande wa barabara. Mama alikuwa hema la wanawake, baba la wanaume, wote na dripu, na mimi nilikuwa nabeba ndoo kutoka hema hili kwenda lile. Nesi alisema ndugu mnaweza kupokezana. Nilikuja mpaka kwenye wavu nikakuambia, Malimi, ingia unipokee nilale saa mbili tu. Ukasema unaenda kununua sabuni. Nilikaa siku mbili na nusu nasubiri sabuni hiyo. Mama akafa, akafungwa kwenye mfuko, akazikwa na watu wenye buti. Sisi tulisimama mbali.

Baba alipotoka pale hata kutembea hawezi, alisema mbele ya msiba kwamba aliyekaa nje ya uzio aendelee kukaa nje. Mimi sikumtuma aseme hivyo. Lakini sikumkatalia pia.

Nakuambia haya ili usije ukadhani nimesahau kwa kuwa nakujibu vizuri. Kunawa unajua. Nawa.

Dada yako,
Nyanjige


Melini
6 Aprili 2025

Dada Nyanjige,

Mwangaluka wewe na baba. Poleni na kazi za palizi. Msalimie shemeji, barua yako haikumtaja.

Naandika kwa kifupi, mkono hauna nguvu. Lile jambo nililokuambia mwezi wa pili limenifika mimi mwenyewe. Naendesha siku ya tatu sasa. Siku ya kwanza niliendesha saa kumi mfululizo, hata kula sikuweza. Supavaiza amenitoa kwenye kazi ya vyumba. Nimepewa kabini ya peke yangu, chakula naletewa mpaka mlangoni, daktari ananipigia simu asubuhi na jioni kuuliza ninaendeleaje. Kapteni ametutangaza kwenye spika, ingawa majina hakutaja. Tuko kumi na wawili tunaoendesha.

Sikuwahi kufikiri nitafika hapa. Mniombee.

Kuna mengine makubwa ya kukueleza juu ya jinsi lilivyonipata, na hayo nataka baba ayasikie. Lakini mengine ni aibu kuyaweka kwenye karatasi inayopita mikononi mwa watu. Nitaandika nikipata nguvu.

Malimi


Kiloleli
4 Mei 2025

Malimi,

Mwadila. Umepona? Nijibu hilo kwanza. Sikulala vizuri wiki nzima, na nilijichukia kwa kutolala kwa ajili yako.

Habari za nyumbani ni moja tu, nitakueleza ilivyokuwa.

Alhamisi ile ya mnada baba alikwenda Nyashimo kuuza mbuzi. Barua yako ilikuwa imefika kwa Kasmiri jana yake. Kasmiri kama kawaida yake alishaisoma. Alipomwona baba anapita akatoka nje na karatasi mkononi, akamwita mbele za watu wote waliokuwa wamekaa kwa fundi cherehani. Akasema, Mzee Masalu, pongezi, kijana wako ametolewa kwenye kufagia vyumba, sasa anaendesha meli.

Na akaisoma, Malimi. Neno kwa neno. Mkono hauna nguvu, akasema ni kwa usukani, na lile jambo la mwezi wa pili akasema ni cheo. Saa kumi mfululizo bila kula. Kabini ya peke yake. Chakula mpaka mlangoni. Daktari wake mwenyewe. Kapteni ametangaza kwenye spika. Wako kumi na wawili tu wanaoendesha, kati ya watu elfu tatu. Watu wakapiga makofi. Fundi cherehani akasimama akampa baba kiti. Baba alirudi kwa bodaboda, baba ambaye anasema bodaboda ni ya wagonjwa na wavivu. Alikuwa amewanunulia watu soda mpaka nusu ya mbuzi ikaishia hapo.

Mimi nilikuwa napepeta dengu. Akanipa karatasi akasema nisome tena, polepole, kuanzia pale kwenye kuendesha.

Nilipofika mstari wa pili nilishajua. Neno hilo mimi nimelifulia mashuka. Nikainua macho nimweleze, nikamwona amekaa, mikono kwenye magoti, ananisubiri niendelee. Meno yake yote yaliyobaki yalikuwa nje. Tangu mama afe sikuwahi kuyaona. Nikaendelea kusoma.

Nilipomaliza alisema, "Saa kumi. Na upepo wote ule wa baharini." Kisha akasema nikwambie unaweza kupiga simu.

Sasa wanakuja kumsalimia. Mzee wa kanisa alikuja. Mjumbe alikuja. Wale wazee wenzake wanamwita Baba Meli. Jana nimemsikia akimweleza mama Joyness jinsi usukani wa meli ulivyo mkubwa, wanashika watu wawili.

Nakuomba usiharibu. Umetafuta njia ya kuingia ndani mwaka mzima, mlango umefunguka kwa ujinga wa Kasmiri. Ingia hivyo hivyo. Kunywa maji ya chumvi na sukari, upone, upige simu.

Nyanjige


Melini
1 Juni 2025

Dada,

Mwangaluka. Nimepona. Nilipungua kilo sita, nimerudisha tatu. Marcelo naye aliugua baada yangu, sasa hanicheki tena. Asante kwa kuuliza. Shemeji hajambo? Mara ya tatu nauliza.

Barua yako niliisoma nikacheka peke yangu mpaka mtu akagonga ukuta. Kisha nikakasirika na mpaka sasa sijatulia. Mimi niliandika neno la heshima, nisije nikataja kuhara mbele ya baba na mbele ya Kasmiri. Ningeandika kinyesi mngeelewa wote. Sasa nimekuwa dereva kwa ajili ya adabu.

Sipigi simu kama dereva wa meli. Nitakueleza nilivyoupata ugonjwa, na barua hii namtumia mtu mwingine aliye Lamadi aiprinti, atakuletea ndani ya bahasha. Msomee baba. Yote, safari hii hakuna pa kuishia.

Kwenye vyumba vyangu kulikuwa na bibi kizee anayesafiri peke yake. Mjane. Miaka themanini na kitu. Kila asubuhi alikuwa ananiachia peremende juu ya mto. Siku hiyo nagonga, kimya. Nikafungua. Alikuwa chini, mlangoni mwa bafu, amelala kwa ubavu, amejitapikia na amejiharia, na kila mahali palikuwa hivyo, zulia, mlango, nywele zake. Sheria yetu ni moja na tumeisaini: ukikuta hali hiyo hugusi kitu, unatoka, unafunga mlango, unapiga simu, wanakuja watu wenye mavazi ya plastiki mwili mzima. Nilitoka. Nilifunga. Nilipiga. Wakasema vyumba ni vingi, nisubiri dakika ishirini.

Nilisimama koridoni. Glavu zangu zilikuwa zile nyembamba za kutandikia vitanda. Nyanjige, miguu yangu ilikuwa inataka kuondoka, naijua, ndiyo miguu ileile. Na namsikia ndani anaita mtu, jina la kizungu, labda la mwanawe.

Nikaingia. Nikamwinua, nikamkalisha kwenye kiti cha bafu, nikamshika kichwa akatapika tena, mikononi mwangu. Nikamwosha kwa maji ya moto kuanzia kichwani mpaka miguuni. Nikamwosha kila mahali, dada, kama unavyomwosha mtoto. Alikuwa amenishika kifundo cha mkono hataki kuachia. Wale wa plastiki walipofika walinifokea, na supavaiza ameniandikia barua ya onyo kwa kuvunja sheria. Ninayo hapa. Baada ya siku mbili nikaanza kuendesha.

Bibi alipona. Alishuka bandarini amevaa kofia ya majani, akapita karibu yangu, hakunitambua kwa sababu ya barakoa.

Hilo ndilo nataka baba alisikie. Sitaki anisamehe kwa usukani ambao sijawahi hata kuuona. Nataka ajue kwamba mara moja niliingia. Kama ni kupiga simu, nitapiga akishajua.

Malimi


Kiloleli
20 Julai 2025

Malimi,

Mwadila. Pamba tumeuza, bei si mbaya. Michembe ya viazi nimeanika mingi mwaka huu, natamani ungekuwa karibu. Mama Joyness alianguka akateguka mkono, anaendelea vizuri.

Baba haendelei vizuri. Miguu ilianza kuvimba mwezi wa sita, tukadhani ni magoti yaleyale. Kisha pumzi ikawa inamwishia akitembea kwenda zizini. Nilimpeleka Bariadi, tukalazwa siku tisa. Daktari anasema ni moyo, umechoka, hausukumi. Ametupa vidonge, akanichukua pembeni akaniambia nisimkatalie anachotaka kula. Nimeelewa.

Wodini alimwambia kila nesi kwamba mwanawe anaendesha meli. Kuna nesi mmoja kijana alimwambia, mzee, basi mwambie atupitie hapa Bariadi, na baba akamweleza taratibu kabisa kwamba Bariadi hakuna bahari. Anataka picha yako umevaa nguo nyeupe.

Barua yako ya bahasha niliipata. Niliisoma nyuma ya ghala, nikaisoma tena. Kisha nikaificha kwenye debe la mbegu. Sitamsomea.

Unasema unataka ajue. Wewe unataka. Yeye anachotaka ni kupumua na kusikia habari za meli. Ulichelewa kuingia, Malimi, sasa unataka upokelewe kwa shangwe kwa kuingia kwa mtu mwingine. Sitaki kuandika zaidi juu ya huyo bibi. Nimefurahi alipona, Mungu ni wa wote. Lakini uliponiandikia jinsi ulivyomwosha kuanzia kichwani mpaka miguuni nilitaka kukuuliza jambo moja, na silisemi, kwa sababu nikilisema hatutaandikiana tena.

Piga simu. Danganyaneni. Mzee akifa amecheka nani ataumia?

Na usiniulize tena habari za Luhaga. Nilikuja kumuuguza baba mwezi mmoja, ukawa mwaka na nusu. Mwanaume hakusubiri. Ameoa binti wa hapohapo Maswa. Ndiyo habari zake.

Nyanjige


Melini
17 Agosti 2025

Dada yangu Nyanjige,

Mwangaluka. Pole kwa ya Luhaga. Nimeandika hapa mara tatu maneno ya kumtukana nikayafuta. Pole, dada. Nilikuwa nauliza kila mara kwa furaha kumbe nakuchoma.

Nimepiga, ulikuwepo, wewe ndiye uliyemshikia simu sikioni. Lakini nataka niiandike mwenyewe, kwa sababu huku sina wa kumsimulia.

Tulitia nanga asubuhi, huko kwenu ilikuwa alasiri. Nilipanga nimwambie ukweli. Nilikuwa na maneno yote tayari. Baba akashika, akakohoa, akasema, "Ng'wanone." Tangu kaburi la mama hajaniita mtoto wake. Nikasahau yote. Akaniuliza, "Bado unaendesha?" Nikasema, "Naendesha, baba." "Unaendesha vizuri?" "Vizuri." "Usiendeshe kwa haraka," akasema, "watu wasije wakaumia." Nikaanza kucheka, yeye naye akacheka, hata sijui yeye alikuwa anacheka nini. Alicheka mpaka akakohoa, na wewe ukaichukua simu.

Nilikwenda chooni nikalia, kisha nikarudi kutandika vitanda.

Ulikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyekuwa najitafutia sifa. Ile barua ya Juni ichome, isionwe na mtu. Picha nimepiga, Marcelo aliniazimia koti jeupe kwa rafiki yake wa mgahawani. Hiyo naituma kwa Kasmiri, mpe baba; barua hii inapitia Lamadi kama ile.

Mkataba wangu unaisha mwezi wa kumi na mbili. Nakuja. Nitaingia mlangoni kama mtu, nimwamkie, na wewe utapumzika. Safari hii nitakupokea kweli.

Wabeja sana, asante sana, dada.

Malimi


Kiloleli
28 Septemba 2025

Malimi,

Mwadila.

Habari ya kifo ulishaipata kwa simu ya baba mdogo Maganga, na najua huko wamekunyima ruhusa. Tulimzika Alhamisi ya tarehe kumi na moja. Watu walikuwa wengi kuliko tulivyotegemea. Kasmiri alisoma wasifu wa marehemu na akaitaja meli. Ile picha yako ya koti jeupe aliikuza, ikasimamishwa karibu na jeneza. Matanga yameisha, ndugu wameondoka, nimebaki mimi na ng'ombe.

Baba mdogo amekuambia alifariki kwa amani. Hakuwepo, ndiyo maana. Nitakueleza mimi.

Ile siku uliyopiga simu nilikuwa nimemshikia sikioni, kama ulivyosema. Niliwasikia wote wawili. Mlicheka, Malimi. Mkacheka kwa neno lile. Nami mkono umechoka kushika simu, na ndoo yake chini ya kitanda sijamwaga, na mwanaume wangu ameoa. Nimebeba ndoo za mama, nimebeba za baba tangu kule kwenye mahema mpaka juzi, na sikumbuki siku ambayo mmoja wao alinichekea namna ile. Siku zilizofuata akawa anaongea habari zako tu. Akitaka maji ananiita "wewe", halafu akikutaja wewe anasema ng'wanone. Ukaleta na picha. Ukaleta na barua ya kuniambia niichome ile nyingine.

Sikuichoma. Jumapili, tarehe saba, baada ya uji, niliitoa kwenye debe nikamsomea. Yote, kama ulivyotaka mwanzo. Nilimweleza kwanza kuendesha ni kuendesha gani. Kisha nikasoma ya bibi, ya koridoni, ya maji ya moto, ya kumshika kichwa. Sikupunguza na sikuongeza. Sijui nilimsomea kwa ajili yako au kwa ajili yangu. Nadhani kwa ajili yangu.

Nilifikiri atasikitika kwa ajili ya meli. Ya meli hakuitaja hata mara moja. Aliuliza kama yule bibi alipona. Nikasema alipona. Akafumba macho, nikadhani amesinzia.

Kuna jambo hulijui, kwa sababu niliapa nisikuambie, na baba naye aliapa bila sisi wawili kukubaliana. Mama alikuita. Siku zote mbili, mchana na usiku, mpaka sauti ilipokatika. Hakuniita mimi niliyekuwa pale, alikuita wewe. Baba alikuwa hema la pili, kati yao turubai tu, alisikia kila kitu. Ndilo hilo nililotaka kukuuliza mwezi wa saba nikaogopa, kama wewe pale kwenye wavu ulikuwa unamsikia.

Baba akafungua macho akasema, "Mimi nilijiambia mtoto huyu hawezi. Mungu amemuumba mwoga, hana mikono ya kazi hiyo, nimlaumu nini. Kwa hiyo nilishamsamehe, hata kabla ya meli, sema sikutaka mjue." Akapumua. "Kumbe anaweza."

Nikamwambia, baba, si ni vizuri, amebadilika. Akasema, "Anaweza. Na mama yake alimwita siku mbili."

Aligeukia ukutani. Hakula mchana, hakula jioni, Jumatatu hakunywa dawa. Jumanne asubuhi nilimkuta.

Alichosema cha mwisho Jumatatu ni kwamba nikuandikie maneno yake kama yalivyo, wala nisiyapambe. Nimekuandikia.

Dada yako,
Nyanjige